Amplifaya ya valvu haitaki kubebeshwa: kupanga vyombo bila mvumo

Juu ya amplifaya ya valvu, ile inayokuza sauti kwa vichupa vya kioo vinavyowaka kama balbu, hapawekwi kitu. Si deki, si king'amuzi, si kitambaa cha kufuma, si picha ya harusi. Nikiingia sebuleni kwa mteja hapa Kirumba, Mwanza, nikakuta vyombo vinne vimepandiana kwenye stendi moja, na amplifaya iko chini kabisa kwa kuwa ndiyo nzito, nusu ya tatizo nimeshaiona kabla sijafungua mkoba. Nusu ya pili huwa ukutani, kwenye soketi. Hizo mbili ndizo nitakazozieleza, pamoja na vijitatizo vidogo vinavyozisindikiza.

Mimi ni fundi wa vyombo vya muziki. Wateja wangu wa valvu ni wazee waliotunza santuri zao za dansi na rumba, wapiga gitaa wa kanisani, na siku hizi vijana wanaoagiza amplifaya ndogo zenye valvu aina ya EL84 au EL34 kutoka China. Wote huja na lalamiko moja: "Mama fundi, inavuma." Na wengi wao wanakuwa wameshanunua nyaya za bei mbaya kabla ya kufika kwangu. Usinunue chochote kwanza. Chomoa, sogeza, zungusha, sikiliza. Mvumo mwingi wa nyumbani unaondoka bila kutoa hata shilingi.

Kinachovuma ni chuma, si kioo

Watu huzilaumu valvu kwa sababu ndizo zinazoonekana zikiwaka. Mkosaji ni lile boksi la chuma lililo nyuma yake, transfoma ya umeme. Umeme wa TANESCO unaingia kwa volti 230 na hezi 50. Transfoma inaupandisha mpaka volti mia kadhaa za kulisha valvu, na upande mwingine inatoa volti 6.3 za kuwasha nyuzi zilizomo ndani ya valvu. Wakati wote huo inamwaga pembeni uga wa sumaku unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Chochote chenye koili kilicho karibu kinaudaka: kichwa cha sindano ya santuri, hedi ya kaseti, pikapu ya gitaa, hata transfoma ya kutolea sauti ya amplifaya hiyohiyo. Ndiyo maana watengenezaji makini huzigeuza transfoma zao ndani ya boksi, moja ikae kwa pembe ya nyuzi 90 na nyenzake.

Sasa tazama hesabu ya santuri. Pleya ya CD inatoa volti 2 hivi. Sindano ya kawaida ya sumaku inatoa kama milivolti 5, yaani mara 400 chini yake. Ili zisikike, saketi ya santuri huzikuza karibu mara 100. Isitoshe inanyanyua besi makusudi, kwa kuwa santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa. Ndio utaratibu unaoitwa RIAA, uliokubalika tangu miaka ya 1950. Kwenye hezi 50 unyanyuaji huo unafika mara 7 ukilinganisha na sauti za kati. Kwa hiyo chombo kinachodaka mvumo kirahisi kuliko vyote ndicho pia kinachoukuza kuliko vyote, halafu mtu anakwenda kukiweka juu ya transfoma!

Kinachotuokoa ni kwamba uga huo unachoka haraka. Ukiongeza umbali mara mbili haupungui kwa nusu, unabaki kama moja ya nane. Sentimita 15 zikiwa 30, umeshapona sehemu kubwa ya ugonjwa. Hakuna waya wa dukani unaoweza kukufanyia hivyo.

Jua kwanza unavuma nini

Chomoa nyaya zote za kuingiza sauti nyuma ya amplifaya, uache spika peke yake. Spika usizitoe hata kidogo: amplifaya ya valvu ikipigishwa bila spika, transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua. Washa, sauti ikiwa sifuri, subiri valvu zipate joto, kisha sogeza sikio. Ikiwa bado inavuma, tatizo limo ndani na hakuna mpangilio wa stendi utakaolitibu. Mara nyingi ni kapasita za kuchuja, vile vikopo vinavyohifadhi umeme, zilizochoka, au valvu yenyewe. Peleka kwa fundi, na mfuniko usifungue mwenyewe. Kapasita zile zinaweza kushika volti mia tatu na zaidi hata baada ya plagi kuchomolewa.

Wapiga gitaa wana kipimo cha bure. Chukua gitaa la besi, uzi mnene wa E, bonyeza freti ya tatu: hiyo ni G ya hezi 49. Gitaa la kawaida, uzi mnene, freti ya tatu, ni G ya hezi 98. Mvumo ukilingana na lile la besi, unashughulika na hezi 50, na hapo washukiwa ni uga wa transfoma au kitanzi cha ethi (waya wa umeme unaokwenda ardhini), nitakachokifikia. Ukilingana na la kawaida, ni hezi 100, yaani umeme uliokwisha kunyooshwa uende upande mmoja lakini haujachujwa sawasawa. Rudi kwenye kapasita. Kuna wakati utasikia vyote viwili pamoja na mkwaruzo juu yake, lakini sikio lililozoea kutyuni gitaa halipati shida kutambua upi umetawala.

Amplifaya ikiwa kimya peke yake, zima, rudisha chombo kimoja, washa, sikiliza. Kila unapochomeka au kuchomoa waya wa RCA, ule wa sauti unaounganisha chombo na amplifaya, sauti iwe chini kabisa au amplifaya iwe imezimwa, la sivyo spika zitapigwa kofi. Chombo kitakachorudisha mvumo ndicho cha kuhoji, na maswali ni matatu tu. Mvumo unabadilika ukikisogeza au ukikigeuza? Basi ni uga wa sumaku. Haubadiliki hata ukikipeleka mwisho wa waya, ila unakufa ukichomoa RCA au plagi yake ya umeme? Hicho ni kitanzi cha ethi. Unapungua ukigusa chuma chake kwa kidole? Kuna ganda la waya, ule wavu wa chuma unaouzunguka waya wa sauti ndani ya plastiki, lililokatika, au, kwa santuri, ule waya mwembamba wenye uma mwishoni haujafungwa kwenye skrubu yake nyuma ya amplifaya. Waya ule umeniletea wateja wengi kuliko kitu kingine chochote. Unalegea mtu akisogeza stendi kufagia, na unatibiwa kwa kuzungusha vidole.

Hedi ya kaseti

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote sikukinunua. Ni hedi niliyoing'oa kwenye deki iliyokufa, nikaichomelea waya wenye ganda, urefu wa mkono na zaidi, mwisho wake plagi ya maiki. Naichomeka kwenye spika ndogo ya betri yenye tundu la maiki. Iwe ya betri ili isije na mvumo wake yenyewe. Hedi ilitengenezwa kudaka sumaku ya kwenye utepe, kwa hiyo na ya transfoma inaidaka vilevile.

Kule Kitangiri yupo mwalimu mstaafu ambaye pleya yake ya santuri ilikuwa rafu ya juu, amplifaya rafu ya chini yake, na pazia zuri limening'inia pembeni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Ni hizi valvu, ee? Maana zinawaka kama taa za gari."

Nikaipitisha hedi juu ya valvu. Spika ikatoa kamvumo tu. Nikairudisha nyuma, juu ya transfoma, mvumo ukajaa chumba. Kisha nikaiteremsha taratibu nyuma ya pazia, na hapo spika ikanguruma mpaka mjukuu akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Nikafunua. Stabilaiza, imelala sakafuni, inapepesa taa yake ya kijani.

"Hiyo ni ya friji," mwalimu akasema.

"Ni ya friji, mwalimu, lakini sumaku yake inahudumia nyumba nzima."

Baada ya hapo nikamwonyesha jambo ambalo ningependa kila mtu alisikie kwa masikio yake. Nikaishika hedi pale kichwa cha sindano kinapokaa, bila kuisogeza, nikaizungusha kidogokidogo kama ufunguo kwenye kitasa. Mvumo ukapanda, ukashuka, na kwenye pembe moja ukakaribia kupotea kabisa. Nikiendelea kuzungusha, ukarudi. Mahali ni palepale, umbali ni uleule, kilichobadilika ni pembe tu. Mistari ya sumaku ikipita ubavuni mwa koili badala ya kupenya katikati, koili haipati kitu. Kichwa cha sindano hatuwezi kukigeuza, lakini amplifaya tunaweza kuizungusha robo duara, au kuihamishia upande wa pili wa stendi. Tukaipeleka stabilaiza jikoni lilipo friji lenyewe, pleya ikapata meza yake, na amplifaya ikabaki stendini imegeuzwa kidogo.

Usiye na hedi tumia pleya yenyewe. Mkono wa sindano ukae kwenye kishikio chake, sindano isiguse sahani, weka sauti unayosikiliza kila siku. Mtu mmoja aibebe pleya na kuisogeza polepole nyaya zikiwa zimeunganishwa, mwingine asikilize kwenye spika. Mtapata mahali panapozidi kwa ukimya, na mara nyingi si pale mlipopazoea.

Jambo moja wengi hawalifikirii: mkono wa sindano uko kulia kwa pleya. Ukiiweka amplifaya kulia, umeipakanisha na kichwa cha sindano. Iweke kushoto, na upana wote wa pleya utakuwa umbali wako wa bure. Mimi nataka nafasi ya sentimita 60 kati ya transfoma na kichwa cha sindano. Nikikosa, nakubali 40. Na kile kiboksi kidogo cha kukuza sauti ya santuri, ambacho kila mtu anapenda kukilaza juu ya amplifaya kwa kuwa ni kidogo, kikae upande wa pleya.

Stendi ni moja, vyombo ni vingi

Si kila mtu ana meza ya ziada, najua vyumba vyetu. Ukiwa na stendi moja tu, amplifaya ipewe rafu ya juu kabisa, peke yake, hewa wazi juu. Chini yake weka vile visivyo na usikivu mkali: pleya ya CD, king'amuzi, kompyuta. Hivi vinatoa sauti yenye volti za kutosha, mvumo kidogo hauwasumbui. Pleya ya santuri, deki ya kaseti na maiki ndivyo vya kuhamishwa hata ikibidi vikae juu ya kabati la vyombo.

Kama nyumba ina watoto, kilo 20 za chuma kwenye rafu ya juu si mchezo. Iteremshe sakafuni. Bapa la graniti chini yake linafaa sana, na hapa Mwanza hilo halihitaji kuagizwa kutoka popote. Iwe mbali na pazia, na iwekewe kizuizi, kwa sababu kioo cha valvu kubwa kama EL34 kinaweza kupita nyuzi joto 200. Joto hilo ndilo sababu ya pili ya kutobebesha. Santuri inapinda mapema kabisa kabla ya hapo, na kapasita za chombo kilichowekwa juu hufupishiwa maisha: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinapoongezeka, umri wa kapasita unapungua kwa nusu. Halafu kuna wadudu wa ziwani. Msimu wao ukifika wanafuata taa usiku, wanajaa ndani ya kila chenye tundu na kuungulia humo. Wafagie kwa brashi laini, amplifaya ikiwa imezimwa na imepoa.

Watu huniuliza kuhusu kuweka bati katikati. Chukua sumaku ya spika mbovu, igusishe kwenye bati lako. Ikinata, ni chuma, na bati nene la chuma karibu na transfoma hupunguza uga kiasi. Isiponata, yaani ni alumini au ile stenilesi isiyoshika sumaku, halifanyi lolote dhidi ya sumaku ya hezi 50. Foili ya jikoni ndiyo kabisa. Inazuia umeme wa hewani, ule unaolia ukisogeza mkono, lakini sumaku hii inaipita kana kwamba haipo. Na ukuta wa tofali pia inaupita. Nimeona stabilaiza imehamishiwa chumba cha pili, ikaegemezwa ukuta uleule wenye stendi upande huu, sentimita 20 kutoka kwenye pleya. Pima umbali, usihesabu vyumba.

Stabilaiza, narudia, ni ya kuondoa kabla ya kitu kingine. Ndani yake mara nyingi kuna transfoma kubwa kuliko ya amplifaya. Mita moja ni kima cha chini. UPS ya kompyuta ni nduguye.

Inveta ni kesi nyingine. Umeme ukikatika, inveta ikashika, na mvumo mzito ukageuka mkwaruzo wa msumeno, hiyo ni inveta ya bei nafuu inayotoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini kama la TANESCO. Transfoma ya amplifaya nayo itaanza kunguruma yenyewe, utaisikia hata spika zikiwa kimya. Hapo usipoteze jioni yako ukisogeza stendi. Ama ubadilishe inveta upate ya wimbi laini, ama usikilize redio ya betri mpaka umeme urudi.

Ethi juu ya mawe

Nyumba nyingi za Mabatini, Igogo na miteremko ya Bugando zimekaa juu ya jiwe. Fundi anakuja na rodi ya ethi ya mita moja na kitu, anaipiga nyundo, inaingia kidogo, inagonga graniti. Mwaminifu atatafuta mahali pengine. Mwingine ataikata, atafukia kipande, atapiga plasta. Soketi zinakuwa na tundu la tatu, waya wa kijani na manjano upo, ila hauendi popote. Utajua kwa mwimbaji: midomo yake ikigusa maiki huku ameshika gitaa, inawasha. Vyombo vingi vya kisasa vina kapasita ndogo zinazovujisha umeme kidogo kwenye boksi lake la chuma, na ethi ndiyo ilipaswa kuuchukua.

Hili lirekebishwe kwa ajili ya uhai, na fundi mwenye leseni ya EWURA na mashine ya kupimia ethi. Penye mawe hutumika rodi kadhaa zilizounganishwa, au bapa la shaba linalolazwa kwenye mtaro mrefu pale penye udongo. Mkaa na chumvi anavyovipenda kila mtu vinasaidia kwa muda. Mvua huiosha chumvi, na kabla ya kuoshwa inaila rodi. Tena kipimo kifanywe kiangazi, udongo ukiwa mkavu, kwa maana baada ya masika kila ethi ni nzuri.

Lakini mvumo ni jambo jingine na ethi nzuri haiumalizi. Kinachoumaliza ni ethi kuwa moja. Amplifaya umeichomeka soketi ya kushoto, mixa au kompyuta soketi ya mbali kulia, na kati yao kuna waya wa RCA. Fuata njia kwa kidole: ethi ya amplifaya, ndani ya ukuta, ethi ya mixa, ganda la waya wa RCA, umerudi kwenye amplifaya. Umepata duara kamili la shaba lenye upana wa chumba. Uga wa hezi 50 uliojaa nyumbani unasukuma mkondo ndani ya duara hilo, mkondo unapita kwenye ganda la waya wa sauti, na amplifaya haina namna ya kujua kuwa huo si muziki.

Dawa ni kuchomeka vyombo vyote vya muziki kwenye ekstensheni moja imara, kwenye soketi moja. Usihofie mzigo kwa mfumo wa nyumbani: soketi ya ampea 13 kwa volti 230 inabeba karibu wati 3,000, na amplifaya ya valvu ya sebuleni hula wati 150 hadi 300. Pasi na birika ndivyo visichomekwe hapo. Nyaya za RCA za kushoto na kulia ziende zimeshikana, zisiache uwazi katikati, kwa kuwa nazo zinatengeneza kitanzi kidogo.

Kuna tiba mbili za mtaani ninazozipiga vita. Ya kwanza ni kukata pini ya ethi. Mvumo unaondoka kweli. Ila ndani ya boksi hilo la chuma kuna volti mia kadhaa, na siku transfoma ikivuja, boksi ndilo litakalobeba umeme na mkono wako ndio utakaokuwa ethi. Hakuna amplifaya yenye pini ya ethi ya kufanyiwa ujinga huu, ya valvu ndiyo kabisa.

Ya pili inanikera zaidi kwa sababu inauzwa kama utaalamu: kuchimbia rodi ya pekee ya muziki, mbali na ile ya nyumba, "ili isichafuliwe." Hapo umeongeza ethi, wakati tatizo lilikuwa ethi kuzidi moja. Hitilafu ikitokea, umeme unapaswa kurudi kwa kupenya udongo na mawe yetu haya, na swichi kuu inaweza isikate. Na radi ikipiga jirani, rodi mbili zilizoachana zinapata volti tofauti, tofauti hiyo inasawazishwa kupitia vyombo vyako. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani, na nyingi ni za usiku, saa ambazo chombo kimeachwa kwenye plagi. Rodi zikiwa nyingi, zote zifungwe pamoja.

Ikiwa vyombo havina budi kukaa soketi tofauti, kama mixa iliyo mwisho wa kanisa na amplifaya iliyo madhabahuni, kata kitanzi upande wa sauti. Kisanduku cha DI chenye swichi ya kuachanisha ganda la waya kinafanya kazi hiyo, au transfoma ndogo ya sauti ya uwiano wa 1:1 inayowekwa katikati ya waya. Sauti inapita kwa sumaku, shaba haigusani, pini ya ethi ya kila chombo inabaki mahali pake. Usiitumie tu kwenye waya unaotoka kwenye pleya ya santuri kabla haujakuzwa. Milivolti zile ni chache mno, na transfoma hiyo nayo ni koili.

King'amuzi kina kitanzi chake cha siri: waya wa dishi. Ganda lake limegusa dishi, dishi limefungwa kwenye nguzo ya chuma, nguzo imesimama ardhini. Ukishuku, zima, fungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, washa tena. Mvumo ukitoweka umeshampata mwizi. Ikiwa king'amuzi au TV ina tundu la sauti ya mwanga (optical), tumia kebo ya mwanga pamoja na kiboksi cha kuigeuza kuwa RCA. Mwanga haubebi ethi.

Vilivyobaki

Waya wa umeme na waya wa sauti visilale pamoja. Vikilazimika kukutana, vipitane kwa msalaba. Ekstensheni iliyoviringwa haileti mvumo wa maana, mkondo wa kwenda na wa kurudi vinafutana, ila inapata moto ikibebeshwa. Ifungue kwa sababu hiyo.

Simu iliyoshika mtandao wa 2G ndiyo inayoliza spika trrr-tit-tit-tit sekunde chache kabla haijaita. Ni mapigo ya 217 kwa sekunde. Iweke mbali, basi. Chaja za bei chee na taa za LED zisizo na chapa hutoa mkwaruzo mwembamba. Zima moja moja mpaka uipate.

Sauti ya kengele, "ting", kila ngoma inapopigwa si umeme. Ni valvu ya mbele inayotikiswa na spika. Igonge polepole kwa ncha ya mbao ya penseli. Ikilia kwenye spika, badilishana na nyingine ya namba ileile, amplifaya ikiwa imezimwa na imepoa. Na spika isikae kwenye stendi moja na amplifaya.

Ukisikia mtangazaji wa redio akiongea ndani ya amplifaya wakati hujawasha redio, waya wa kuingiza umekuwa antena na valvu ya kwanza inaitafsiri. Fupisha waya, au tafuta kebo nzee ya monita ya kompyuta, ile yenye uvimbe mweusi karibu na ncha. Ndani ya uvimbe mna feraiti. Ipasue plastiki, uitoe, pitisha waya wako wa sauti ndani yake mara mbili, karibu kabisa na tundu la amplifaya. Mtangazaji akibaki, mwambie fundi aangalie rezista iliyo mbele ya gridi ya valvu ya kwanza. Kwenye amplifaya nyingi za gitaa ni ya kiloomu 68, na nimekuta zilizorukwa kwa waya mtupu na mtu aliyetaka sauti iongezeke.